Paka wa ghala akifunga choo baada ya upasuaji

MKULIMA wa Machochwe, kata iliyo wilayani Serengeti mkoani Mara, hulinda mazao yake mara mbili. Mara ya kwanza ni shambani, ambako tembo wanaotoka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huvamia mahindi na mtama unaokaribia kukomaa. Mara ya pili ni nyumbani, ambako kile kilichosalimika kwa tembo huanza kuliwa na panya usiku, gunia baada ya gunia.

Katika ulinzi huo wa pili, askari wa gharama nafuu kuliko wote ni paka. Hadai mshahara, hufanya kazi wakati wenye nyumba wamelala, na sehemu ya chakula chake hujitafutia mwenyewe. Ndiyo maana wapo wafugaji wanaokubali kugharimia upasuaji wa mnyama huyu. Baadhi humhasi dume ili asizurure na kupigana, wengine humfunga kizazi jike anayezaa mfululizo, na wapo wanaolazimika kumpeleka ashonwe baada ya kung'atwa na mbwa au kugongwa na pikipiki.

Tatizo huanza siku ya pili au ya tatu baada ya paka kurudishwa nyumbani. Kidonda kinaonekana kisafi, lakini paka hajapata choo tangu apasuliwe. Anaingia kwenye beseni lake, anachuchumaa, anajikamua na kutoka bila kitu. Hapo kila mtu nyumbani hugeuka mganga. Mmoja anashauri maziwa, mwingine mafuta ya kula, mwingine kidonge cha Panadol. Baadhi ya tiba hizo zinaweza kumuua paka ambaye kisu cha daktari hakikumuua.

Kufunga choo baada ya upasuaji ni jambo la kawaida kwa paka, na mara nyingi humalizika kwa matunzo ya nyumbani. Kinachotakiwa kwa mfugaji ni kuhesabu siku, kutofautisha choo na mkojo, na kujua ni wakati gani wa kuacha kusubiri.

Paka ana thamani gani?

Kabla ya kuamua kama inafaa kulipa nauli na matibabu kwa ajili ya paka, ni vema mkulima akapiga hesabu kama anavyofanya kwa ng'ombe.

Panya wa nyumbani mmoja aliyekomaa hula takriban gramu 15 hadi 20 za nafaka kwa siku. Tuchukue mfano wa ghala lenye panya 20, kila mmoja akila gramu 15. Hizo ni gramu 300 kwa siku. Kwa miezi sita, yaani siku 180, ni kilo 54, ambazo ni zaidi ya nusu gunia la kilo 100. Kama kilo moja ya mahindi itauzwa kwa Sh600, bei iliyochukuliwa hapa kwa mfano tu, mkulima atakuwa amepoteza Sh32,400. Kila msomaji anaweza kuweka bei ya soko lake na kupata jibu lake.

Hesabu hiyo haijagusa magunia yaliyotobolewa, nafaka iliyomwagika, wala mahindi yaliyochanganyika na kinyesi na mkojo wa panya ambayo mnunuzi huyakataa au kuyashusha bei. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye stoo ya nafaka, hasara hiyo ya pili inaweza kuzidi ile ya kwanza. Hata mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi wameipokea kwa ajili ya kuzuia dumuzi bila kutumia dawa, hupoteza kazi yake mara panya akitoboa tundu moja.

Kwa kiwango cha taifa, makadirio yaliyowahi kutolewa na watafiti wa panya nchini Tanzania yaliweka hasara ya mahindi itokanayo na wanyama hawa kuwa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro kimekuwa na kituo maalumu cha utafiti wa panya na viumbe wengine waharibifu kwa miaka mingi, jambo linaloonyesha ukubwa wa tatizo.

Ni kweli kwamba paka peke yake hamalizi panya. Utafiti uliofanywa katika maboma ya vijijini nchini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa panya walipunguza kuzurura na kula katika maboma yaliyokuwa na paka na mbwa kwa pamoja, kwa sababu waliogopa. Kwa hiyo paka anafanya kazi vizuri zaidi akiwa sehemu ya mpango wenye mbwa wa boma, ghala lililoinuliwa juu ya nguzo zenye bati la kuzuia panya, na usafi wa eneo linalozunguka ghala. Akifa, pengo lake haliwezi kuzibwa kesho yake. Paka mtoto huhitaji miezi kadhaa kabla hajaweza kuwinda kikamilifu, na panya hawasubiri.

Paka si maksai

Wafugaji wa Mara wamezoea kuhasi madume ya ng'ombe ili wapate maksai wa kukokota plau. Dume huangushwa, hubanwa kwa koleo la kuhasi, huachwa asimame, na baada ya muda si mrefu huonekana akitafuna majani. Mazoea hayo huwafanya baadhi ya watu wategemee kuwa paka naye atarudia hali yake siku hiyo hiyo. Mwili wa paka hauko hivyo, na zipo sababu kadhaa zinazofanya choo chake kichelewe.

Kwanza, paka hupasuliwa akiwa amelala kwa nusu kaputi. Dawa hizo hupunguza mwendo wa utumbo, na utumbo huamka taratibu kuliko miguu. Paka anaweza kutembea jioni ile ile huku tumbo lake likiwa bado limelala.

Pili, kabla ya upasuaji hunyimwa chakula kwa saa kadhaa ili asitapike akiwa amelala na matapishi kuingia kwenye mapafu. Baada ya upasuaji hula kidogo. Asiyekula hana kitu cha kutoa, hivyo ukimya wa siku ya kwanza mara nyingi ni utumbo mtupu tu.

Tatu, baadhi ya dawa kali za kutuliza maumivu, hasa zilizo katika kundi la mofini, hufunga choo. Hii si sababu ya mfugaji kuzisitisha kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani maumivu nayo hufunga choo. Paka mwenye mshono tumboni huumia anapochuchumaa na kujikamua, hivyo hujizuia. Kinyesi kikikaa muda mrefu kwenye utumbo mpana huendelea kunyonywa maji, hugeuka kigumu, na siku inayofuata huuma zaidi kukitoa.

Nne, na pengine kubwa kuliko zote, ni upungufu wa maji mwilini. Paka wa kufugwa ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye hadi leo yumo katika mbuga za Serengeti. Ni mnyama wa nchi kavu ambaye maji yake mengi huyapata kutoka kwenye nyama ya windo. Figo zake zina uwezo mkubwa wa kubana maji, na kiu yake ni ndogo. Anapokuwa mzima na anakula panya, utaratibu huo unamfaa. Anapokuwa mgonjwa, amefungiwa chumbani na kupewa ugali mkavu na dagaa wakavu, anakauka bila kuonyesha dalili za kiu.

Tano ni mabadiliko ya mazingira. Paka aliyezoea kujisaidia nyuma ya zizi, akifukua udongo na kufukia, anaweza kukataa beseni lililowekwa kwenye kona ya chumba chenye watoto na kelele.

Kuhesabu siku

Paka mzima hupata choo takriban mara moja kwa siku. Baada ya upasuaji, kukaa siku mbili hadi tatu bila choo si ajabu, ilimradi anakunywa maji, ameanza kula na anakojoa.

Hesabu ianze siku ya upasuaji, na iandikwe. Daftari la kumbukumbu za ng'ombe linatosha. Kila siku mfugaji aandike mambo manne: amekula kiasi gani, amekunywa au la, amekojoa au la, na amepata choo au la. Kumbukumbu hiyo fupi humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya kukisia, hasa pale mashauri yanapofanyika kwa simu.

Saa 24 za kwanza: Paka awe amekojoa, na awe ameanza kuonja chakula. Choo hakitarajiwi.

Siku ya pili: Ale zaidi, atembee, aanze kujilamba manyoya. Kama hajapata choo lakini mengine yapo, aongezewe maji na chakula laini.

Siku ya tatu: Kama bado hajapata choo, au anajikamua na kutoa vidonge vikavu kama vya mbuzi, daktari aliyempasua apigiwe simu siku hiyo.

Siku ya nne na kuendelea: Asisubiriwe tena nyumbani. Apelekwe.

Hesabu hizi hazifuatwi endapo dalili za hatari zitajitokeza mapema. Dalili hizo ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula kabisa kwa zaidi ya saa 24, tumbo kuvimba na kuuma likiguswa, kulala bila kujali kinachoendelea, damu nyingi kwenye kinyesi, au mshono kufunguka na kutoa usaha. Ikionekana mojawapo, paka apelekwe siku hiyo hiyo hata kama ni siku ya kwanza.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni kinyesi cha majimaji. Wakati mwingine kinyesi kigumu huziba njia, kisha maji machache hupita pembeni yake. Mwenye nyumba akiona maji hayo hudhani paka anaharisha na kumpa dawa ya kufunga tumbo, kumbe anazidi kuziba palipoziba.

Choo au mkojo?

Kosa linaloua paka dume wengi ni kudhani amefunga choo wakati alichofunga ni mkojo. Kwa mbali, mambo haya mawili yanafanana. Katika hali zote mbili paka huingia kwenye beseni mara kwa mara, huchuchumaa, hujikamua na wakati mwingine hulia.

Tofauti yake ni kubwa. Paka aliyefunga choo anaweza kufuatiliwa nyumbani kwa siku moja au mbili. Paka ambaye njia ya mkojo imeziba hana muda huo. Sumu ambazo zingetoka na mkojo hurudi kwenye damu, madini ya potasiamu hupanda, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja hadi tatu.

Dume yuko hatarini zaidi kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mwembamba. Kwa hiyo mfugaji anayemwona paka dume akijikamua aangalie kwanza kama kuna mkojo. Njia nyepesi ni kuweka karatasi za magazeti zilizochanwa ndani ya beseni, kwani huonyesha unyevunyevu waziwazi. Karatasi zikiwa kavu huku paka anajikamua mara kwa mara, analamba sehemu zake za siri au ana kitu kigumu kama chungwa dogo sehemu ya chini ya tumbo, hiyo ni dharura. Asibinywe tumbo kwa nguvu, maana kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Nauli itafutwe wakati huo huo, hata kama ni usiku.

Matunzo ya nyumbani

Kwa paka anayekojoa, anayekula kiasi na asiye na dalili za hatari, tiba ya kwanza ni maji. Paka huhitaji takriban mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yakiwamo yaliyomo kwenye chakula. Paka wa kilo tatu atahitaji mililita 150, ambazo ni sawa na kikombe kidogo cha chai.

Kwa kuwa hapendi kunywa sana, maji hayo yapitishwe kwenye chakula. Dagaa wa Ziwa Victoria, wanaopatikana kwa urahisi katika masoko ya Mara, waoshwe vizuri kuondoa mchanga, waloweshwe, wachemshwe bila chumvi hadi walainike, kisha apewe pamoja na maji yake yakiwa vuguvugu. Supu ya nyama au kuku isiyo na chumvi inafaa pia. Vitunguu maji na vitunguu saumu visiwekwe hata kidogo, kwani huharibu chembe za damu za paka. Mifupa iondolewe yote. Mifupa iliyotafunwa hugeuka kuwa kama saruji ndani ya utumbo mpana na ni moja ya vyanzo vikuu vya kufunga choo hata kwa paka ambaye hajapasuliwa.

Chakula kitolewe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Kikiwa vuguvugu hutoa harufu, na harufu ndiyo humvuta paka kula. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya boga lililochemshwa na kupondwa vinaweza kuchanganywa kwa paka ambaye tayari anakunywa vizuri. Asiyekunywa asipewe, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huongeza ukavu.

Maji safi yawekwe kwenye bakuli pana, mbali na beseni la choo. Beseni lenyewe liwe na kingo fupi ili paka mwenye mshono asilazimike kuruka, liwekwe mahali tulivu, na lisafishwe kila siku. Badala ya mchanga au majivu, yatumike magazeti yaliyochanwa, maana mchanga hunata kwenye kidonda na majivu hukichoma.

Kama daktari amemvalisha kola ya kuzuia kulamba mshono, au imetengenezwa ya boksi gumu, ivuliwe wakati wa kula na kujisaidia huku mtu akimwangalia, kisha irudishwe. Wapo paka wanaokataa choo kwa sababu tu kola inagonga ukingo wa beseni.

Ili kujua kama amekaukiwa maji, ngozi ya katikati ya mabega ivutwe juu taratibu na kuachiwa. Ikirudi haraka, hali ni nzuri. Ikibaki imesimama kama hema, au fizi zikiwa kavu na zinanata, huyo anahitaji dripu, na dripu haitolewi jikoni.

Dawa zinazoua

Orodha ya vitu visivyotakiwa kutolewa ni muhimu kuliko orodha ya vinavyotakiwa.

Panadol na dawa zote zenye parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zilizonunuliwa duka la dawa kwa matumizi ya binadamu nazo zisitolewe, kwani huumiza figo na tumbo.

Mafuta ya kula au ya taa kumiminwa mdomoni ni hatari nyingine. Mafuta hayana ladha inayomshtua paka ameze, hivyo huteleza na kuingia kwenye njia ya hewa na kusababisha nimonia. Mafuta ya taa ni sumu yenyewe.

Maji ya sabuni kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, yaani kupigwa bomba, kusifanywe nyumbani. Sabuni huchubua utumbo, na mpira ukisukumwa vibaya unaweza kuutoboa. Hatari kubwa zaidi ni dawa za aina hiyo zenye fosfati zinazouzwa kwa ajili ya binadamu. Kwa paka huvuruga madini ya damu na huweza kuua kwa muda mfupi.

Mafuta ya nyonyo na vidonge vya kulainisha choo vya binadamu navyo viachwe. Huleta mikazo mikali ya utumbo, na mikazo hiyo juu ya mshono mbichi ni kukaribisha mshono kuachia.

Maziwa yanahitaji neno la peke yake, kwa kuwa katika jamii ya wafugaji paka hupewa maziwa tangu utotoni. Paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari ya maziwa. Kwa kuwa maziwa huwaharisha, wapo wanaoyatumia kama dawa ya choo. Kuharisha huko humpotezea paka maji ambayo tayari hana. Kwa paka aliyetoka kupasuliwa, supu ni bora kuliko maziwa.

Kazi ya daktari

Mfugaji wa Machochwe anaweza kuanza kwa ofisa mifugo wa kata au kijiji kama yupo, na kwa upasuaji au matatizo makubwa ofisi ya mifugo ya wilaya iko makao makuu ya wilaya, Mugumu. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliweka utaratibu wa kusajili madaktari wa mifugo na kuorodhesha wasaidizi wao, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza bila mateso. Mteja ana haki ya kuuliza kama anayeshika kisu amesajiliwa.

Kwa paka aliyechelewa kidogo tu, daktari atampapasa tumbo, atampa maji ya dripu au ya kuchoma chini ya ngozi, na huenda akampa dawa ya kulainisha kinyesi kama vile laktulozi kwa kipimo cha uzito wake. Hiyo ni huduma ya muda mfupi na mara nyingi paka hurudi nyumbani siku hiyo.

Kwa paka aliyekaa siku sita au saba, mambo hubadilika. Kinyesi kikiwa kimekauka kama udongo wa kichuguu, daktari hulazimika kumlaza tena kwa nusu kaputi na kukitoa kwa mkono pamoja na maji ya vuguvugu. Hapo mfugaji hulipia nusu kaputi ya pili, dripu, dawa na siku za kulala, juu ya mnyama aliyedhoofika. Aidha, paka asiyekula kwa siku kadhaa, hasa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa mafuta kujaa kwenye ini, ambao matibabu yake ni marefu.

Ili kupunguza safari, ni vema maswali yaulizwe kabla paka hajaondoka kwa daktari. Amepewa dawa gani ya maumivu na inaisha lini? Dawa hiyo inafunga choo? Apewe chakula saa ngapi? Nyuzi zitatolewa lini, au zitayeyuka zenyewe? Kwa kawaida nyuzi za nje hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Na nipige simu namba gani kama siku ya tatu itafika bila choo?

Paka asafirishwe ndani ya boksi lenye matundu au tenga lililofunikwa kwa kitambaa. Kumshika mkononi juu ya pikipiki ni kumpoteza njiani.

Tahadhari ya kichaa cha mbwa

Paka mwenye maumivu hung'ata. Katika eneo hili jambo hilo lisichukuliwe kirahisi. Vijiji vya Wilaya ya Serengeti vilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofanyiwa kampeni ya kuchanja mbwa kuanzia mwaka 1996, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa ugonjwa kwa mbwa na idadi ya watu walioumwa vilipungua sana. Hata hivyo, chanjo ikilegea ugonjwa hurudi, na paka huambukizwa kama mbwa.

Paka aliyebadilika ghafla, anayetoa mate, aliyelegea taya, anayeshambulia bila sababu au asiyeweza kumeza asifunguliwe mdomo kwa lengo la kumpa dawa ya choo. Afungiwe peke yake na daktari wa mifugo aarifiwe. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Njia bora ni paka achanjwe mapema, kuanzia umri wa miezi mitatu. Safari ya kumpeleka kuhasiwa ni nafasi nzuri ya kuulizia chanjo hiyo.

Tatizo likijirudia

Paka akipona, akapata choo kwa wiki kadhaa kisha akafunga tena, upasuaji hauwezi kulaumiwa. Aliyewahi kugongwa na pikipiki anaweza kuwa na mfupa wa nyonga uliounga vibaya na kubana njia. Mwingine anakula mifupa kila siku. Mwingine ana maradhi ya figo yanayomkausha. Utumbo mpana ukitanuka mara nyingi hupoteza nguvu ya kusukuma, na ukifikia hapo hauponi kwa supu. Paka wa namna hiyo anahitaji uchunguzi kabla hali haijafika huko.

Kwa upande wa ghala, mfugaji mwenye paka aachane na sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hulegea na ndiye wa kwanza kukamatwa, na baadhi ya sumu hizo humdhuru paka aliyemla. Wakati paka yuko kwenye mapumziko, mitego ya kubana ndiyo ishike zamu, iwekwe mahali ambapo watoto, kuku na paka mwenyewe hawafiki.

Kwa mkulima mwenye magunia ndani, uamuzi unabaki kuwa wa kiuchumi. Siku mbili za kwanza zinagharimu supu, magazeti ya zamani na uangalizi. Siku ya tatu inagharimu simu moja. Siku ya nne inagharimu nauli na dawa ya kulainisha. Siku ya saba inagharimu nusu kaputi nyingine, na huenda paka asiamke tena. Na kwa dume asiyekojoa, hakuna siku ya pili ya kusubiri.